Bastola ya mtumba: uchukue .44 Magnum, 9mm, au uachane nayo?

Swali linalonifikia sana hapa Dodoma ni hili. Mtu amekubaliwa kumiliki silaha au maombi yake yanakaribia kukamilika, na fedha yake inatosha kununua iliyotumika, si mpya. Mbele yake kuna bastola mbili. Moja ni rivolva kubwa (bastola ya silinda inayozunguka) ya .44 Magnum, mtutu mrefu, chuma kizito, na mwenye nayo yuko tayari kupunguza bei. Nyingine ni ya magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), 9mm, imechubuka rangi kwenye kingo, na mwenyewe hashuki hata shilingi. Achukue ipi?

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutunza ghala la silaha la kampuni ya ulinzi, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa ghala. Mimi naanza na risasi, nafuata mkono wa atakayeishika, kisha chuma chenyewe. Kaliba, yaani kipimo cha upana wa risasi, naiweka mwisho. Kwa mtu wa mjini, iwe Area D, Nkuhungu au Ipagala, jibu langu ni 9mm, na sababu zangu nitazieleza. Rivolva ya .44 ina mtu wake, lakini si wengi wanaofanana naye. Na kwa mtu wa shamba, mara nyingi bastola yoyote ile ni chaguo baya.

Upana wa risasi na nguvu yake

Wauzaji hupenda kukuonyesha tundu la mtutu. Kidole kinaingia, macho yanatoka, bei inakubalika. Tundu kubwa halikuambii nguvu. Chukua rivolva ya Webley ya Waingereza, ile ya .455 waliyopigania vita ya kwanza ya dunia. Risasi yake ina upana wa karibu milimita 11.5 na uzito wa gramu 17, lakini inatoka polepole, mita 200 hivi kwa sekunde, na nguvu yake haifiki jouli 400 (jouli ni kipimo cha nguvu). Ya .45 ACP, kazi ya John Browning ya mwanzoni mwa karne ya 20, ina gramu karibu 15 na nguvu ya jouli 480 hivi. Sasa weka kando yake 9mm Parabellum ya mwaka 1902. Ni nyembamba, ni gramu 8 tu, lakini inakimbia mita 350 kwa sekunde, na nguvu yake inalingana na ya .45, jouli 490 hivi. Ndogo imefika pale pale alipofika mkubwa, kwa sababu mwendo unazidisha nguvu kuliko uzito.

.357 Magnum, iliyotoka mwaka 1935, inapita jouli 700. Halafu inakuja .44 Magnum ya mwaka 1955: gramu 15.6, mita zaidi ya 400 kwa sekunde, jouli 1,300 hivi. Hiyo ni nguvu ya 9mm mara mbili na nusu na zaidi. Sitaipunguza sifa yake; ni risasi kubwa kwelikweli. Swali ni nguvu hiyo unaipeleka wapi.

Risasi utaipata wapi?

Bastola unanunua mara moja, risasi utazinunua miaka yote utakayoimiliki. Kabla hujaenda kuona silaha ya mtu, nenda kwenye duka la silaha lenye leseni, uulize mambo mawili. Kaliba hii mnayo leo? Na mliipata mara ya mwisho lini? Swali la pili ndilo linalosema kweli. Duka linaweza kuwa na boksi moja la .44 lililokaa rafuni muda mrefu, na likiisha hilo, muuzaji mwenyewe hajui shehena nyingine itakuja lini. 9mm ni risasi ya majeshi na polisi wa dunia nzima. Viwanda vinaitengeneza kwa wingi, na mwagizaji haogopi kuileta kwa sababu anajua itatoka.

Mtu mwenye .44 na risasi kumi na mbili za akiba hafanyi mazoezi. Anazihifadhi. Miaka inapita, hajui bastola yake inapiga juu au chini ya alama, na mkono wake haujawahi kuzoea. Nimeona hivyo kwa watu makini kabisa, wasio wazembe hata kidogo. Kaliba waliyochagua ndiyo iliyowafunga. Na hapo ndipo mtu anaanza kumwomba rafiki yake askari amletee chochote. Nakusihi usifike huko. Risasi ya serikali mikononi mwa raia inawapeleka wote wawili mahakamani, na rafiki yako anapoteza kazi na pensheni.

Rivolva za Magnum zina nafuu moja ambayo muuzaji mara nyingi haitaji. Ya .44 Magnum inapokea pia risasi ya .44 Special, fupi na laini zaidi. Ya .357 Magnum inapokea .38 Special, risasi ya tangu 1898, na hii inapatikana kwa urahisi kuliko .44 ya aina yoyote. Kinyume chake hakiruhusiwi: rivolva iliyoandikwa .38 Special usiilazimishe kula .357. Kwa hiyo ukikuta .357 ya mtumba iliyo nzima, umepata silaha yenye midomo miwili, unafanyia mazoezi .38 na mkono hauchoki. Kama moyo wako umeshikwa na rivolva na huwezi kuutuliza, mimi ningekuelekeza huko kabla ya .44.

Kuna mtego mmoja wa nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Bastola za mirathi, za babu aliyewahi kuwa ofisa au mwenye shamba, huwa ni Webley au Enfield. Zile za .455 risasi zake leo ni kama hazipo. Waingereza wenyewe walihamia kaliba ndogo mwaka 1932, nayo ni .38/200. Mtu akisikia "ni ya thelathini na nane" anadhani ni .38 Special ya dukani. Siyo. Ganda la .38/200 ni fupi na nene zaidi, na hizo mbili hazibadilishani. Soma maandishi ya kwenye mtutu, usisikilize ya mdomoni.

Mkono, sikio na ukuta wa jirani

Rivolva ya .44 yenye mtutu wa inchi sita ina uzito wa kilo 1.3 hivi bila risasi. Bastola ya kisasa ya 9mm yenye fremu ya plastiki ngumu haifiki kilo moja hata ikijaa. Mtu anadhani uzito ule utalituliza teke, na kweli unasaidia, lakini bado .44 inaurudisha mkono kwa nguvu inayozidi ya 9mm mara tatu. Risasi ya kwanza mshikaji anastahimili. Ya pili anaanza kufumba macho. Ya tatu anausukuma mtutu chini kabla haijalia.

Hili linapimika. Kwenye uwanja wa shabaha, mkufunzi achanganye maganda matupu na risasi nzima ndani ya silinda bila wewe kujua mpangilio. Nyundo ikigonga ganda tupu, tazama mtutu: ukiinama, mwili wako unaiogopa silaha hiyo. Fanya jaribio hilo kwa .44 na kwa 9mm siku hiyohiyo, utapata jibu bora kuliko la kwangu. Watu wenye viganja vya kawaida, mimi nikiwemo, mara nyingi hukosa alama kwa .44 kwenye umbali ambao kwa 9mm wanapiga bila shida. Na risasi iliyokosa haipotei, inakwenda mahali.

Inakwenda wapi Dodoma? Nyumba zetu nyingi za mitaa ya zamani, Chang'ombe kwa mfano, zimebanana. Dirisha la mmoja linatazama jiko la mwingine. Mabati hayazuii risasi ya bastola ya aina yoyote, mlango wa mbao hauzuii, dari ya jipsamu ndiyo kabisa. Tofali la saruji lenye matundu halina dhamana. 9mm inapita vingi kati ya hivyo; .44 inapita na bado ina nguvu ya kuua upande wa pili. Sheria inakupa haki ya kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Haikupi haki juu ya mtoto wa jirani aliyelala.

Kuhusu masikio nitasema kwa ufupi: bastola zote hizi zinapita desibeli 150, na .44 ndani ya chumba kilichofungwa inaacha mlio kichwani ambao huenda usiondoke tena. Usiku, mwako wake unakunyima kuona kwa sekunde ambazo unazihitaji.

Vumbi

Wanaosifu rivolva husema haikwami. Kwa risasi isiyolia wana haki: unavuta triga tena, silinda inaleta nyingine. Lakini Dodoma kati ya Julai na Oktoba upepo unaleta vumbi jekundu linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Ukitazama nyuma ya silinda kuna nyota ndogo ya chuma inayosukuma maganda nje. Punje chache za mchanga zikikaa chini ya nyota ile, haikai sawasawa, silinda inabana dhidi ya fremu na triga haivutiki. Kuiondoa kunahitaji kufungua, kusafisha kwa brashi, utulivu na mwanga. Bastola ya magazini nayo huteseka, hasa ikipakwa mafuta mengi yanayogeuka tope, ila kusafishwa kwake ni rahisi zaidi kwa mtu asiye fundi: inafunguka vipande vinne au vitano na kurudi. Kwa upande wa vumbi sioni mshindi. Mwenye kusafisha atakuwa salama kwa yoyote ile.

Kuikagua mbele ya mwenyewe

Hapa ndipo mtumba unaposhinda au kushindwa, na ndipo naomba ukae kwa utulivu.

Nilimsindikiza mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, karatasi zake zikiwa safi, kwenda kwa mzee mstaafu maeneo ya Kikuyu aliyekuwa anauza rivolva yake ya .44.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani. Ndiyo hii. Nimeitunza kama yai."

"Naona, baba. Uniwie radhi, naomba niifungue mwenyewe kwanza."

"Fungua, mwanangu. Kitu cha kuuza hakifichwi."

Nilisukuma kitufe, silinda ikatoka pembeni, nikaitazama chemba (tundu linalobeba risasi) moja moja na kuipitishia kidole. Tupu zote sita. Hili nafanya hata kama mwenyewe ameshanionyesha, na wewe ufanye hivyo, na anayekukatalia muage uondoke. Nikaweka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu ili mwanga upande juu, nikachungulia kupitia mdomoni. Mifereji ya ndani ya mtutu ilikuwa mikali, imejizungusha vizuri, hakuna pete nyeusi katikati. Pete ya namna hiyo ingeonyesha kwamba mtutu umewahi kuvimba. Kwa nje rangi ya buluu ilikuwa inang'aa. Mfanyabiashara akanitazama kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kununua.

Nikarudisha silinda, nikavuta nyundo polepole kwa kidole gumba, chemba moja baada ya nyingine. Kila nyundo inapofika mwisho, silinda inatakiwa iwe imejifunga, tena kwa mlio unaousikia. Nne zilijifunga. Mbili hazikufika, ilibidi niisogeze silinda kidogo kwa kidole ndipo ilie. Hapo chemba na mtutu havitazamani sawasawa. Risasi ikitoka inagonga ukingo wa mtutu, inachanwa, na vipande vya risasi vinaruka pembeni kuelekea mkono wa mpigaji au uso wa aliyesimama naye.

Nina fila ya gereji, ile mafundi wanayopimia valvu za injini. Nikapima mwanya kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu. Kwenye rivolva nzima unategemea kati ya milimita 0.10 na 0.25. Bapa la 0.35 lilipita bila kusukumwa. Nikashika silinda nikaivuta mbele na nyuma, ikacheza. Nikawasha tochi kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inapoingia: kingo zimeliwa na moto, na chini kabisa kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nilifuta kwa kitambaa chenye mafuta nikidhani ni masizi. Haukufutika. Ulikuwa ufa.

"Baba," nikamwambia, "hii imepigwa sana na risasi nzito kabla haijaja kwako."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema aliyemuuzia alikuwa amemwapia kwamba haijatumika. Hakubisha. Alichukua tochi akauangalia ufa mwenyewe, akaifunga rivolva kwenye kitambaa chake, akamwambia yule kijana wa Kibaigwa, "Mwanangu, fedha yako kaa nayo. Hii siwezi kumpa mtu." Namheshimu mzee yule mpaka leo.

Nimeieleza yote hiyo kwa sababu .44 na ndugu zake wa Magnum huchakaa hivyo, kwa ndani, huku nje ziking'aa. Nguvu ileile unayoinunua ndiyo inayoila silaha. Ukiikagua, tazama pia vichwa vya skrubu: vikiwa vimechunwa, kuna mtu asiye fundi aliyeifungua. Tazama ndani ya chemba mbele kama kuna ukoko wa masizi. Hutokana na kupiga risasi fupi muda mrefu, na risasi ndefu zitakwama mpaka usafishwe. Huo si ubovu, ni uchafu. Mstari wa kuungua chini ya daraja la juu la fremu, juu ya mwanya, nao usikutishe ukiwa wa juujuu.

Bastola ya 9mm ya mtumba ukaguzi wake ni mwepesi zaidi. Hakikisha haina magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, tazama chemba na uguse. Sikiliza kama reli zake zinateleza bila kukwaruza. Tafuta nyufa kwenye slaidi karibu na tundu la kurushia maganda, na kwenye fremu juu ya triga. Midomo ya magazini isiwe imepanuka au kupindwa. Magazini mbovu ndiyo sababu kubwa ya bastola ya namna hii kukwama, na watu huilaumu bastola. Springi ya kurudisha slaidi inachoka, lakini ni kitu cha kubadilisha kwa gharama ndogo, na kwa aina zilizoenea kama Glock 17 ya 1982 au CZ 75 vipuri si tatizo la kukukosesha usingizi. Hata Browning Hi-Power, yenye asili ya mwaka 1935, bado inatunzika. Nilipokuwa nakagua za ghalani, 9mm iliyochubuka rangi kwa kuvaliwa kiunoni kila siku mara nyingi ilikuwa nzima ndani kuliko iliyokaa kabatini ndani ya mfuko wa ngozi wenye unyevu. Kwa hiyo ile iliyochubuka, ambayo mwenyewe hapunguzi bei, usiidharau kwa sura.

Baada ya macho na vidole, omba ijaribiwe uwanjani kwa utaratibu unaoruhusiwa. Muuzaji akikataa, mimi sinunui.

Kwa ajili ya fisi na tembo

Wapo wanaoitaka .44 kwa sababu ya wanyama. Wilaya za Chemba, Manyoni, Bahi, watu wanaoishi karibu na mapori ya Swaga Swaga, Muhesi na Kizigo wanajua tembo ni nini shambani, na fisi anajulikana Dodoma nzima. Naelewa hofu yao. Ekari ya mtama inaliwa usiku mmoja. Lakini tazama hesabu. Kwa tembo, nyati na simba, kanuni za uwindaji Tanzania zinataka raifo isiyo chini ya .375. Risasi ya .375 H&H ina upana mdogo kuliko ya .44, lakini nguvu yake inapita jouli 5,500, mara nne ya .44 na zaidi. Wataalamu wenye raifo hizo wanakwenda kwa tembo wakiwa wawili watatu na kwa tahadhari. Wewe na bastola utamjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa ataua mtu wa kijiji kingine kesho yake. Tena kumpiga mnyama bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Piga simu kwa askari wa wanyamapori, tumia pilipili, mizinga ya nyuki na moto. Kwa boma linalosumbuliwa na fisi, boma imara na mbwa wanakulindia mbuzi kuliko chochote cha kiunoni.

Na kama ni ulinzi wa ghala la alizeti au nyumba iliyo peke yake shambani, shotigani ya geji 12 iliyotumika inaishinda .44 karibu kwa kila kitu: unalenga kwa bega, risasi zake zinapatikana kwa wingi, uchakavu wake unaonekana kwa macho, na iko wazi kwa kila mtu kwamba ipo. Haivaliki mjini, ni kweli. Shambani huhitaji kuivaa.

Karatasi kabla ya fedha

Sheria inayotawala ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji chako, wanakokujua tabia, yanapita polisi na kamati za ulinzi na usalama mpaka yafike kwa msajili wa silaha. Leseni inataja silaha yenyewe, na namba yake. Kwa hiyo bastola ya mtumba haipokelewi mkono kwa mkono kama simu. Muuzaji awe na leseni hai, namba iliyoandikwa kwenye leseni ilingane na iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi, na uhamisho ufanyike kupitia polisi. Usichukue silaha "ukae nayo tu" wakati karatasi zinashughulikiwa. Kukutwa na silaha bila leseni hushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, na dhamana yake si ya kituoni.

Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya: iache mezani na utoe taarifa. Silaha ya marehemu: warithi waipeleke kituoni kwanza, wewe usubiri. Na uliza kama ilihakikiwa wakati polisi walipofanya uhakiki wa silaha za kiraia nchi nzima mwaka 2016. Mwenye silaha ya muda mrefu anayeshindwa kueleza hilo ananitia shaka.

Kama umeombwa fedha ya kishika nafasi kabla idhini haijatoka, usitoe. Maombi yanaweza kukataliwa, na fedha hiyo hairudi.

Basi nani achukue nini

.44 Magnum ya mtumba ninaweza kumshauri mtu aliyeshikilia mambo haya yote kwa pamoja: ana silaha nyingine ya ulinzi tayari, anapenda shabaha na ana uwanja unaotambulika wa kwenda mara kwa mara, duka limemhakikishia risasi, na rivolva imekaguliwa na fundi mwenye leseni ikaonekana nzima. Likikosekana moja, hapana. Bei nafuu isikushawishi. Imeshuka kwa sababu wanunuzi wake ni wachache, na siku utakapotaka kuiuza wewe watakuwa wachache vilevile.

.357 inayokula .38 ni ya mtu anayetaka rivolva na yuko tayari kuisafisha. 9mm ni ya wengine wote wenye sababu ya kweli ya kubeba bastola.

Lakini fikiria sana kundi la nne, la wasionunua. Mfanyabiashara wa Kibaigwa niliyemtaja alikuwa anaogopa njia, akitembea na fedha za magunia kati ya soko na Dodoma mjini. Tulipokaa tukahesabu, sehemu kubwa ya malipo yale yangeweza kupita benki na kwenye simu, na hofu ikapungua bila bastola. Sefu iliyofungwa ukutani, mafunzo, risasi za mazoezi na ada ya leseni, ukivijumlisha, vinakaribia kununua taa za uani, ukuta na mlinzi wa miezi mingi. Na nyumba yako uitazame kwa ukweli. Kama kuna ulevi, kama kuna ugomvi unaopanda haraka, kama kuna kijana au mtu mzima aliyezama kwenye huzuni, bastola ndani ya nyumba hiyo ina uwezekano mkubwa wa kumgeukia mtu wa humo kuliko mwizi. Mke au mume akisema hataki, usinunue. Sijawahi kuona bastola iliyofichwa mwenzi asijue ikaleta heri.

Mwenye .44 tayari, asiyeipatia risasi wala mnunuzi, asiiache chini ya godoro. Duka lenye leseni linaweza kuipokea kwa kuuza; fundi aseme kama inafaa; ikiwa mbovu kama ile ya mzee wa Kikuyu, ikabidhiwe polisi na upewe hati. Na kama ni ya marehemu na leseni haionekani popote, Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kwa kusalimisha silaha haramu, na polisi wetu wamekuwa wakitangaza kipindi cha kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Uliza kituoni au kwa mwenyekiti wa mtaa kipindi hicho kinafunguliwa lini, na silaha yenyewe isizunguke mtaani wakati unauliza.